Bwana Roget na Hazina ya Maneno

Wanafunzi wenzangu, nanyi wanafunzi wa zamani wa shule hii, napenda kuwasimulia habari za mtu ambaye kitabu chake hutafutwa sana maktabani siku za mtihani.

Peter Mark Roget alizaliwa London mwaka 1779. Baba yake, mchungaji aliyetoka Geneva, alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Tangu utotoni Roget alipenda kuandika orodha za maneno daftarini. Mwaka 1798 alipata shahada ya utabibu huko Edinburgh, naye ana miaka 19, umri wangu mimi.

Mwaka 1803 alikuwa Geneva na vijana wawili aliowafundisha. Vita vikazuka tena kati ya Uingereza na Ufaransa, ikatoka amri Waingereza wakamatwe. Roget aliokoka kwa kuthibitisha kwamba asili ya baba yake ni mji huo huo.

Mwaka 1805, akiwa tabibu Manchester, alimaliza daftari la maneno yaliyopangwa kwa maana zake. Kwa miaka mingi alilitumia mwenyewe tu, kwa kuwa kazi zilimshika: alitibu wagonjwa, akafundisha, akawa katibu wa Royal Society zaidi ya miaka 20. Alipostaafu alilirudia, na mwaka 1852, akiwa na miaka 73, kitabu chake kiitwacho Thesaurus kikapigwa chapa. Alifariki mwaka 1869, mzee wa miaka 90.

Kitabu hicho si kamusi. Huweka pamoja maneno yaliyo jirani, kisha humwachia msomaji achague. Hapo ndipo penye mtego. Sisi husema "mwishowe", tukadhani vielezi "at last", "lastly" na "eventually" ni kitu kimoja. Sivyo. "At last" ni neno la mtu aliyengoja sana. "Lastly" hutaja jambo la mwisho katika orodha. "Eventually" husema tu kwamba jambo lilitokea baada ya muda mrefu au mambo mengi. Basi kitabu cha Roget kilitoka "at last", wala si "lastly".

Msidhani haya ni ya mtihani peke yake. Wakati wa likizo mimi huwaandikia majirani barua za Kiingereza. Tuseme mzee aliyefanya kazi kwa bidii miaka 30 anaomba pensheni yake. Nikiandika "he worked hard", nimesema kweli. Nikiandika "he hardly worked", bwana wa ofisini atasoma kwamba mzee huyu karibu hakufanya kazi kabisa. Herufi mbili zaweza kumnyima haki yake.

Roget ametukusanyia maneno. Kuyachagua ni juu yetu. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkifungua kitabu chake, wekeni na kamusi kando yake.