Peter Medawar: Mwana wa mfanyabiashara aliyefumbua siri ya mwili kukataa ngozi ya mwingine

KASESE – Mtoto akimwagikiwa maji ya moto na ngozi ya mgongo ikaondoka, daktari huchukua ngozi kutoka paja la mtoto huyohuyo na kuipandikiza kwenye kidonda. Mama akijitolea ngozi yake, ataambiwa haitadumu. Mama wa Bwera ana haki ya kuuliza: mimba niliibeba mimi, kwa nini ngozi yangu isimfae mwanangu?

Aliyetumia maisha yake kulijibu swali hilo ni Peter Medawar, mtaalamu wa elimu ya wanyama wa Uingereza aliyefariki mwaka 1987. Jibu alilitafuta kwa majeruhi wa moto, kwa ng'ombe, na mwishowe kwa panya.

Mtoto wa mipaka mitatu

Medawar alizaliwa Brazil tarehe 28 Februari 1915. Baba yake, Nicholas, alikuwa Mlebanoni aliyepata uraia wa Uingereza, akiuza vifaa vya madaktari wa meno kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza. Mama yake, Edith, alikuwa Mwingereza. Wanaovuka Mpondwe siku za soko wanayajua maisha ya namna hiyo: biashara nchi moja, ukoo nchi nyingine, hati za nchi ya tatu.

Alipelekwa Uingereza kusoma akiwa bado mdogo. Alipofikia umri wa kuitwa jeshini, sheria ya Brazil ilimtaka atumikie jeshi ili abaki raia. Hakwenda, na uraia wa nchi aliyozaliwa ukampotea. Mwaka 1932 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusoma elimu ya wanyama, na mwaka 1937 alimwoa Jean Taylor, waliyesoma naye chuoni hapo. Walijaliwa watoto wanne.

Ndege iliyoanguka jirani

Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake mjini Oxford. Mwanajeshi mmoja alinusurika, lakini sehemu kubwa ya mwili wake iliungua. Madaktari walimwomba Medawar awasaidie kufikiri, kwa kuwa ngozi nzima iliyobaki kwa mgonjwa haikutosha kufunika vidonda. Ngozi ya watu wengine ilikuwapo, ila kila ilipopandikizwa ilishika siku chache, kisha ikaoza na kubanduka.

Alikwenda hospitali ya Glasgow kufanya kazi na daktari wa upasuaji Thomas Gibson. Hapo walimhudumia mwanamke kijana aliyeungua vibaya. Walimpandikiza vipande vidogo vya ngozi yake mwenyewe, na vingine vya kaka yake. Vyake vilishika. Vya kaka vilishika kwa muda, kisha vikafa. Walipoweka vipande vya kaka kwa mara ya pili, vilikufa haraka zaidi.

Tofauti hiyo ya kasi ndiyo iliyomfungua macho. Kama tatizo lingekuwa ufundi wa daktari, mara ya pili isingekuwa tofauti na ya kwanza. Mwili ulikuwa na kumbukumbu. Ulifanya kama askari wa forodha aliyewahi kumkamata mtu na magendo: mtu huyo akirudi, hahitaji tena kupekuliwa ili atambuliwe. Mwaka 1943 Medawar na Gibson walichapisha hoja yao, kwamba ngozi ya mgeni hushambuliwa na kinga ileile inayopigana na magonjwa. Aliirudia kazi hiyo kwa sungura wengi na kupata jibu lilelile.

Vitambulisho vya panya

Lakini mwili humtambuaje mgeni? Jibu lilianza kwa watu wengine wawili. Peter Gorer wa London alifanya kazi na koo za panya waliozalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi, hadi panya wote wa ukoo mmoja wakafanana kama mapacha. Katika miaka ya 1930 aligundua alama kwenye damu yao iliyoendana na kukubali au kukataa uvimbe uliopandikizwa. George Snell wa Marekani alikuwa akizisaka jeni zinazoamua jambo hilohilo. Walipokutanisha kazi zao, mwaka 1948, ilionekana wanazungumzia kitu kimoja. Walikiita H-2.

Jeni hizo hutengeneza alama zinazokaa juu ya chembe hai za mwili, mfano wa kitambulisho. Kipande cha ngozi kikitoka kwa panya wa ukoo uleule, alama ni zilezile na ngozi hudumu. Kikitoka ukoo mwingine, chembe nyeupe za damu huzisoma alama ngeni na kukiua, kwa kawaida ndani ya wiki mbili.

Mwaka uleule wa 1948 Medawar aliulizwa namna ya kutofautisha ndama pacha wanaofanana kabisa na pacha wa kawaida. Alijibu kwamba ni rahisi: wabadilishane ngozi, na wasiofanana watakataana. Alipokwenda shambani na mwenzake Rupert Billingham, karibu wote walikubaliana, hata dume na jike. Maelezo yalikwisha kutolewa mwaka 1945 na Mmarekani Ray Owen: ndama pacha hushirikiana damu tumboni mwa mama. Kumbe mwili unaokutana na mgeni kabla ya kuzaliwa humhesabu kuwa wa nyumbani.

Medawar aliamua kulifanya kwa makusudi lile ambalo ng'ombe walifanyiwa na maumbile. Alishirikiana na Billingham na Leslie Brent, aliyefika Uingereza mwaka 1938 akiwa mtoto mkimbizi kutoka Ujerumani bila wazazi wake. Walichukua chembe hai za panya weupe na kuzidunga kwenye vijusi vya panya wa kahawia vikiwa bado tumboni. Walizaliwa watano. Walipofikisha wiki nane, kila mmoja aliwekewa ngozi ya panya mweupe. Wawili waliikataa. Watatu waliipokea, na manyoya meupe yakaota juu ya migongo ya kahawia.

Taarifa yao ilitoka Oktoba 1953. Kabla yake, madaktari wengi waliamini ukuta huo hauvunjiki. Mbinu yenyewe haikuweza kutumika kwa mgonjwa mtu mzima, ila iliwapa madaktari sababu ya kuendelea kutafuta. Desemba 1954, mjini Boston, Joseph Murray alipandikiza figo kati ya mapacha wanaofanana, ikafanya kazi. Katika miaka iliyofuata zilipatikana dawa za kutuliza kinga, na wasio mapacha wakaanza kupona.

Mwaka 1960 Medawar alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia. Fedha za tuzo aligawana na Billingham na Brent, ambao majina yao hayakutajwa. Gorer alifariki mwaka 1961 bila tuzo. Snell aliipata mwaka 1980.

Mwaka 1969 Medawar alipata kiharusi akiwa mbele ya watu, na upande mmoja wa mwili ukadhoofika. Aliendelea na utafiti na uandishi wa vitabu, mkewe akiwa msaada wake mkubwa, hadi alipofariki London tarehe 2 Oktoba 1987.

Kwa familia za mpakani

Binadamu ana jeni za aina hiyohiyo. Kila mtoto hupokea fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Ndiyo maana ngozi ya mama haidumu kwa mwanawe: nusu ya vitambulisho inalingana, nusu nyingine ni ngeni kwa mtoto. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya wanne.

Hesabu hiyo si ya maabara tu. Hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Mulago ya Kampala Desemba 2023. Kabla ya figo kupandikizwa, mgonjwa na mtoaji hupimwa kundi la damu na jeni hizi. Dawa za leo hufanya kazi hata pasipo ulinganifu kamili, lakini ulinganifu ukiwa mzuri, figo huwa na nafasi kubwa ya kudumu.

Kwa hiyo familia ya Kasese yenye mgonjwa wa figo iwahesabu na ndugu walioko Kasindi, Beni au Butembo. Jeni hazikugawanywa na mpaka. Na anayemwendea mfanyabiashara kwa ahadi ya fedha ili auze figo aepukwe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaruhusu kutoa kiungo, na inakataza kukiuza.