Jamaa wa Simu Aliyesaka Risasi Ndani ya Rais

Ukiskia Alexander Graham Bell unafikiria simu tu, si ndio? Kuna stori yake ingine huenda hukuambiwa shule.

Rudi Marekani, 1881. Tarehe 2 Julai, Rais James Garfield anapigwa risasi mbili kwenye stesheni ya treni, Washington. Moja inamkwaruza mkono, ingine inaingia mgongoni na kupotelea mwilini. Kumbuka eksirei ilikuja 1895. Hapo madaktari walikuwa wanaisaka risasi na vidole, tena bila kunawa. Noma!

Bell, miaka 34, akajifungia maabara. Alichukua koili za waya, akapitisha stima, akazisawazisha hadi simu aliyoshikilia kwa sikio ikanyamaza. Ukisongeza koili karibu na metali, usawa unavurugika, simu inalia. Akaijaribu kwa wanajeshi wa zamani waliokuwa bado na risasi mwilini. Ikashika.

Julai 26 akaingia nayo White House. Wapi! Kelele tupu, kumbe kuna waya iliunganishwa vibaya. Akarudi Agosti 1. Sasa ikalia hafifu, lakini kila mahali. Baadaye akajua rais alikuwa analalia godoro lenye waya za chuma.

Ngori kubwa lakini ilikuwa Dkt Willard Bliss, mkubwa wa hao madaktari. Alishaamua risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko Bell aliruhusiwa kupima. Ungebishana na yeye?

Katikati ya hizo shida, Agosti 15, mkewe Mabel akajifungua kabla ya wakati. Mtoi, Edward, akashindwa kupumua, akafa. Bell na uchungu wake akaunda mashine ya kusaidia mtu kupumua.

Garfield naye akaaga Septemba 19. Mwili ulipopasuliwa, risasi ikapatikana upande wa kushoto.

Wengi wangekata tamaa. Bell aliendelea hadi akatengeneza sindano iliyounganishwa na simu: ikigusa risasi, daktari anaskia mlio. Ilisaidia majeruhi kabla eksirei zienee.

Kwa hivyo soja akikupitishia kile kidude mlangoni mwa mall na kilie juu ya funguo zako, usimkasirikie. Hiyo ni akili ile ile Bell aliingia nayo kwa rais, akaambiwa apime upande mmoja tu.