Margaret Edwards: Mkutubi Aliyesoma Kwanza, Ndipo Akapendekeza

Kujua kusoma ni jambo moja, na kusoma kwa hiari ni jambo jingine. Shule zetu hufanya kazi kubwa kutimiza la kwanza. Mtoto huingia darasani hajui herufi, na baada ya miaka michache huweza kusoma gazeti bila kukwama. Hata hivyo, wengi wa watoto hao hao, wakisha kuandika mtihani wa mwisho, hawafungui tena kitabu maisha yao yote. Hasara hiyo haionekani katika orodha ya matokeo, kwa hiyo aghalabu haimsumbui mtu. Yapasa imsumbue mwalimu, kwa kuwa juhudi ya miaka mingi hupotea mikononi mwake.

Mtu mmoja aliyelishughulikia jambo hili kwa miaka thelathini ni Margaret Alexander Edwards, mkutubi wa mji wa Baltimore nchini Marekani. Jina lake linajulikana sana miongoni mwa wakutubi wa vijana, lakini walimu wengi hawajalisikia. Maisha yake yanafaa kuchunguzwa katika vyuo vya ualimu, maana yeye mwenyewe alianza kazi akiwa mwalimu, na njia alizozitumia hazihitaji mali nyingi.

Kuzaliwa na elimu yake

Margaret Alexander alizaliwa mwaka 1902 huko Childress, katika jimbo la Texas, akakulia shambani. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1922 katika Chuo Kikuu cha Trinity, ambacho siku hizo kilikuwa Waxahachie, katika jimbo hilo hilo. Baada ya hapo alifundisha katika shule za sekondari, kisha akaendelea na masomo ya Kilatini katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambako alipata shahada ya pili mwaka 1928. Alifundisha Kilatini katika jimbo la Maryland, lakini kazi hiyo haikudumu.

Mwaka 1932, wakati Marekani ilipokuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, aliingia katika darasa la mafunzo la Maktaba ya Enoch Pratt mjini Baltimore. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na hakuwa na ujuzi wowote wa ukutubi. Shahada ya kazi hiyo aliipata baadaye, mwaka 1937, huko huko Columbia.

Maktaba ya Enoch Pratt

Maktaba hiyo ilipewa jina la mfanyabiashara aliyeutolea mji wa Baltimore zaidi ya dola milioni moja mwaka 1882, kwa sharti kwamba wakazi wote wahudumiwe, matajiri kwa maskini, bila ubaguzi wa rangi. Milango yake ilifunguliwa mwaka 1886. Margaret alipoingia kazini, mji ulikuwa na watu zaidi ya laki nane, na jengo jipya kubwa la maktaba lilikuwa linakamilishwa. Lilifunguliwa mwaka 1933.

Katika jengo hilo alikabidhiwa vitabu vichache vya vijana. Kazi hiyo haikuwa na heshima kubwa. Watoto wadogo walikuwa na chumba chao na wakutubi waliofunzwa kuwahudumia, na watu wazima walikuwa na vyumba vyao. Kijana wa miaka kumi na mitano alikuwa hana pake. Chumba cha watoto kilikuwa kimemchosha, na kwenye chumba cha wakubwa alionekana msumbufu anayevunja utulivu wa wasomaji. Basi kijana huyo aliondoka, na wengi walioondoka katika umri huo hawakurudi tena.

Edwards aliona kwamba hapo ndipo penye ufa. Badala ya kukaa nyuma ya meza akisubiri kuulizwa, alitoka akatembea baina ya rafu, akamkaribia kijana aliyesimama bila kujua achukue nini, akaanza mazungumzo naye. Aliuliza alichokipenda, akasikiliza, kisha akatoa kitabu kimoja au viwili. Ili kufanya hivyo ilimlazimu awe amevisoma vitabu vyenyewe.

Vitabu mia tatu

Kadiri huduma hiyo ilivyopanuka, kila tawi la maktaba lilihitaji msaidizi wa vijana, naye Edwards akawa mkufunzi wao. Utaratibu wake wa mafunzo ndio uliomfanya ajulikane zaidi. Kila msaidizi alitakiwa asome vitabu mia tatu vilivyochaguliwa, na baada ya kila vitabu kumi aje kuketi na Edwards wavizungumze. Kwa hesabu hiyo kila msaidizi alikutana naye mara thelathini, na usomaji wenyewe ulifanywa nje ya saa za kazi.

Katika mikutano hiyo muhtasari wa hadithi haukutosha. Msaidizi alipaswa kueleza ni kijana wa namna gani angekipenda kitabu hicho, angekielezaje kwa maneno machache, na baada ya hicho angempa kitabu gani kingine. Wako walionung'unika, kwani mzigo ulikuwa mzito. Edwards hakuupunguza. Kwa maoni yake, mtu anayependekeza kitabu asichokisoma ni sawa na muuza dawa asiyejua iliyomo ndani ya chupa. Kijana humtambua mtu wa namna hiyo upesi, na akisha kumtambua hamwamini tena.

Mazungumzo ya vitabu shuleni

Edwards hakungoja vijana waje maktaba. Yeye na wasaidizi wake walikwenda katika shule za sekondari za Baltimore, wakaingia darasa baada ya darasa kuzungumza juu ya vitabu. Mazungumzo hayo yalikuwa na kanuni. Msemaji alitayarisha maneno yake kwa maandishi, akayahifadhi, akayafanyia mazoezi mbele ya wenzake kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi. Kila kitabu kilipewa dakika chache tu. Msemaji hakukisifu kitabu wala hakuwaambia wanafunzi kwamba kingewafaa. Aliingia moja kwa moja katika tukio au mtu fulani wa hadithi, akalifikisha jambo mahali penye hamu, akanyamaza. Aliyetaka kujua mwisho wake ilimbidi asome.

Makusudi ya mazungumzo hayo aliyaeleza waziwazi. La kwanza lilikuwa kuwaonyesha vijana kwamba kusoma ni furaha. Kisha yalikuja mengine: kuwafungulia mawazo na mambo mapya, kuwafundisha kuthamini uandishi mzuri, na kuwapandisha hadi kwenye vitabu bora kabisa ambavyo wangeweza kuvisoma bila kuchoka. Mpangilio huo una maana. Furaha imetangulizwa, kwa kuwa bila hiyo kijana hatafika kwenye yanayofuata.

Gari la farasi

Mapema katika miaka ya 1940 Edwards alijaza vitabu katika gari la kukokotwa na farasi, akalipitisha katika mitaa ya watu maskini wa Baltimore. Wakazi wa mitaa hiyo walikuwa wamezoea kuona wachuuzi wakipita na magari ya namna hiyo wakiuza matunda na mboga, kwa hiyo gari la vitabu halikuwatisha. Lilisimama mlangoni kwao, na watu ambao wasingethubutu kupanda ngazi za jengo kubwa la maktaba walichagua vitabu wakiwa barabarani.

Ni haki pia kueleza mazingira ya wakati huo. Ijapokuwa maktaba iliwahudumia wasomaji wa rangi zote, darasa lake la mafunzo halikuwapokea waombaji weusi. Mwaka 1945 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kumkataa mwombaji kwa sababu ya rangi yake katika maktaba hiyo ni kinyume cha katiba. Katika mji wenye mambo kama hayo, Edwards alishikilia kwamba kazi ya mkutubi wa vijana ni kumsaidia kijana ajielewe, awaelewe wenzake, na ajione kuwa raia wa dunia nzima. Kwa sababu hiyo aliwahimiza vijana wasome juu ya maisha ya watu wa rangi na mataifa mengine.

Ngazi ya usomaji

Walimu na wakutubi wengi wa siku hizo walividharau vitabu vilivyopendwa na vijana. Mwaka 1942, kwa mfano, kilitoka kitabu cha Maureen Daly kiitwacho Seventeenth Summer, kinachosimulia mapenzi ya kwanza ya msichana wa miaka kumi na saba, na wasichana wengi walikisoma kwa hamu. Edwards hakuvionea haya vitabu vya aina hiyo. Kwake kila kitabu kilikuwa kipago cha ngazi. Msichana aliyekipenda kisa chepesi cha mapenzi angeweza kupewa baadaye kisa kizito zaidi, na hatimaye angekifikia kitabu kama Jane Eyre cha Charlotte Brontë. Mvulana aliyetaka habari za magari tu angeanzia hapo hapo kwenye magari.

Kosa aliloliona kwa walimu lilikuwa kutaka kijana aruke vipago vyote, aanze na kile cha juu. Kijana aliyeanguka kutoka juu haijaribu tena ngazi. Lakini aliona pia kosa la upande wa pili, nalo ni kumwacha kijana kwenye kipago cha chini miaka yote eti kwa sababu anafurahi. Mkutubi aliyesoma vya kutosha daima huwa na kitabu kingine tayari mkononi, cha juu kidogo kuliko kilichorudishwa. Wala Edwards hakukubali kwamba kijana afichwe mambo mazito ya maisha. Aliwalaumu wakutubi wenzake kwa woga wao katika kuchagua vitabu.

Miaka ya mwisho

Edwards alistaafu mwaka 1962. Miaka saba baadaye, 1969, alitoa kitabu juu ya kazi yake, The Fair Garden and the Swarm of Beasts, yaani bustani nzuri na kundi la wanyama. Jina hilo lina kejeli. Bustani ni maktaba, na wanyama ni vijana kama walivyoonekana machoni mwa wakutubi wasiowapenda. Kitabu hicho kilitumiwa kuwafunza wakutubi kwa miaka mingi.

Alifariki mwaka 1988. Mwaka huo huo ilianza kutolewa tuzo ya waandishi wa vitabu vya vijana ambayo baadaye ilipewa jina lake, na wa kwanza kuipata alikuwa S. E. Hinton. Tangu 1998 ipo pia tuzo ya Alex, iliyotokana na jina walilomwita rafiki zake. Hutolewa kila mwaka kwa vitabu kumi vilivyoandikiwa watu wazima ambavyo vinawafaa vijana.

Funzo kwa mwalimu

Mwalimu anaweza kusema kwamba Edwards alikuwa na maktaba tajiri, ilhali shule yake ina kabati moja la vitabu vilivyochakaa. Ni kweli. Lakini tukiyatazama vizuri mambo aliyoyafanya, tutaona kwamba yaliyo muhimu hayakutegemea wingi wa vitabu. Mwenye kabati la vitabu arobaini anaweza kuvisoma vyote arobaini. Anaweza kuandika katika daftari, chini ya jina la kila kitabu, ni mwanafunzi wa namna gani angekipenda na kipi kingefuata. Anaweza kutenga dakika tano za mwisho wa kipindi mara moja kwa wiki, asimulie sehemu ya kitabu kimoja, kisha akiweke mezani bila kumwamuru mtu akichukue. Vyuo vya ualimu navyo vinaweza kuwataka wanachuo wasome vitabu kadhaa kabla ya kwenda mazoezini, na kuvizungumza kumi kumi na mkufunzi wao.

Hakuna sehemu ya kazi hii iliyo ngumu kuieleza. Ugumu wake ni ule ule walioulalamikia wasaidizi wa Baltimore, kwamba mwalimu lazima kwanza awe msomaji. Tukiwataka wanafunzi wasome jioni baada ya kazi za siku nzima, haifai sisi wenyewe tuwe tumeacha kusoma siku tuliyopokea vyeti vyetu.