Miguel de Cervantes: Mateka wa Algiers

Miguel de Cervantes alizaliwa mwaka wa 1547 mjini Alcalá de Henares, Uhispania. Wapenzi wa fasihi humtambua kwa riwaya ya Don Quixote. Hata hivyo, ni vigumu kuielewa kalamu yake pasipo kuizingatia miaka mitano aliyokuwa mateka.

Mnamo 1571 alipigana katika vita vya majini vya Lepanto, ambako mkono wake wa kushoto ulilemazwa. Septemba 1575, akirejea nyumbani pamoja na nduguye Rodrigo, merikebu yao ilitekwa na maharamia wa Algiers. Cervantes alikuwa na barua za sifa kutoka kwa Don Juan wa Austria, alizotumaini zingempatia cheo. Kinyume chake, zilimtia minyororoni: watekaji walimdhania mkwasi, wakadai fidia ya eskudo 500 za dhahabu. Mama yake, Leonor, alijitangaza mjane ilhali mumewe yu hai, ili apate msaada wa serikali. Fedha zilizopatikana kufikia 1577 zilimkomboa Rodrigo pekee.

Algiers, iliyokuwa chini ya dola ya Uthmaniya, iliwageuza watu kuwa bidhaa, jinsi bandari za Kikristo zilivyowafanyia Waislamu. Hata hivyo, ukuta baina ya bwana na mateka ulikuwa na mlango. Dali Mami, bwana wake wa kwanza, alikuwa Mgiriki aliyesilimu. Hasan Pasha, mtawala aliyemnunua baadaye, alikuwa mwenyeji wa Venice aliyewahi kutekwa vilevile.

Cervantes hakuupita mlango huo. Alijaribu kutoroka mara nne, akashindwa, na kila mara alijitwika lawama ili wenzake wanusurike. Tarehe 19 Septemba 1580, akiwa amekwisha kupakiwa merikebuni kupelekwa Constantinople, Padre Juan Gil wa shirika la Utatu Mtakatifu alimkomboa, baada ya kujaliza fidia kwa mkopo wa wafanyabiashara.

Tajriba hiyo ilizaa tamthilia kadhaa na kisa cha mateka katika Don Quixote (1605). Aidha, katika riwaya hiyo Cervantes alibuni mwanahistoria Mwarabu, Cide Hamete Benengeli, akamkabidhi usimulizi. Alifariki Aprili 1616. Mhakiki anayemsoma kama mtetezi wa upande mmoja tu hana budi kujiuliza: kwa nini mateka huyu aliiweka hadithi yake kuu mikononi mwa mtu wa kaumu iliyomfunga?