Apolo Kivebulaya, Mwalimu Aliyebeba Jembe

Wasomaji wetu waliopata kutumwa kulinda mpaka wa magharibi wanalijua bonde la Mto Semliki, joto lake na nyasi zake ndefu, na nchi ya Kongo inayoinuka kule ng'ambo. Njia hiyo ndiyo aliyoipita kwa miguu, mwishoni mwa mwaka 1896, Mganda mmoja aliyechukua Biblia pamoja na jembe. Twapenda kusimulia habari zake katika ukurasa huu kwa kuwa yeye naye aliijua vita kabla hajaijua kazi ya kanisa.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akaitwa Waswa, kama desturi ya mapacha. Ujana wake uliangukia katika siku za vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888, naye akapigana kama vijana wenzake. Alijifunza Uislamu kwa muda, kisha akavutwa na mafundisho ya Wakristo. Mwaka 1891 alikuwa miongoni mwa Waganda waliofuatana na Kapteni Lugard kwenda Toro. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kitokacho Ulaya, alilipata kwa sababu ya mavazi yake. Wengi husimulia kuwa lilikuwa koti jekundu la askari, alilolivaa juu ya kanzu nyeupe. Alibatizwa mwaka 1895, akachagua jina la Apolo. Mkewe alifariki, wala hakuoa tena.

Mwaka huohuo kanisa la Buganda lilimtuma Toro kufundisha. Ndipo zikaja habari za Mboga, ng'ambo ya Semliki. Walimu wawili, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata, walikuwa wametangulia huko, lakini kazi yao ilikwama kwa jambo lisilo la kitabu hata kidogo: njaa. Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakutaka walimu hao walishwe. Askari aliyepata kukaa kambini siku kadhaa bila posho atalielewa jambo hili upesi kuliko sisi tunaoandika mezani. Apolo alipokubali kwenda, akabeba jembe. Watu waliposhangaa kumwona mwalimu na chombo cha mkulima, akawaeleza kwamba hataki kuwa mzigo kwa mtu; atalima, ale, na mwenzake ale. Katika siku zile, mtu aliyejua kusoma alidhaniwa kuwa amekwisha kuagana na udongo. Apolo alilima migomba na viazi, na kwa mavuno ya shamba lile darasa likaendelea.

Tabaro hakufurahi. Mafundisho juu ya ndoa ya mke mmoja na juu ya pombe yaligusa baraza lake mwenyewe, akaamuru mwalimu apigwe. Inasimuliwa kuwa Apolo alipigwa hata akatupwa nyasini kama maiti, na mwanamke mmoja aliyekuwa amekwisha kuamini akamkuta, akamficha, akamwuguza kwa siri. Mwanafunzi ndiye aliyembeba mwalimu, naye alijua vema kwamba akigunduliwa zamu ya kupigwa itakuwa yake. Apolo alipopata nguvu alirudi kanisani akapiga ngoma ya sala. Tabaro, aliyemdhania kuwa amekufa, aliisikia. Baadaye mtawala huyo naye aliomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Taabu haikuishia hapo. Katika siku za kazi ya kujenga kanisa, mwanamke mmoja wa jamaa ya mtawala aliangukia mkuki akafa. Apolo akashitakiwa kwa mauaji. Mwaka 1898 alipelekwa Toro akiwa amefungwa, akawekwa gerezani chini ya maofisa wa Kiingereza. Gerezani alipata njozi ya Kristo akiwa anang'aa kama jua, akimtia moyo, na njozi hiyo hakuisahau maisha yake yote. Shitaka likaonekana halina msingi, akaachiliwa. Mtu mwingine angeomba apelekwe mahali penye watu wapole. Yeye alirudi Mboga.

Alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alihudumia makanisa ya Toro, akifundisha walimu wapya na kuwatembelea vituoni mwao, kwa maana alikumbuka yeye mwenyewe jinsi mwalimu wa peke yake anavyovunjika moyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alirejea Mboga, ambayo kwa mkataba wa mipaka ilikuwa imehesabiwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Nyumba yake ilijaa mayatima aliowalea kama wanawe. Mshahara wake ulikuwa haba, na haukukaa naye siku nyingi, kwani aliugawa kwa wahitaji. Mwaka 1922 Namirembe ilimpa cheo cha kanoni, lakini yeye alikuwa ameanza kuingia msituni kuwatafuta Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau. Aliwaendea, akakaa nao, akawatafutia walimu. Kabla hajafa, baadhi yao walikuwa wamekwisha kubatizwa.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kanisa la Kianglikana la Kongo hata leo humhesabu kuwa mwanzilishi wake. Kabla ya kufa aliwaagiza wenzake wasimzike kwa desturi ya kuuelekeza mwili mashariki. Alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa bado. Nao wakafanya hivyo.