Salvo D'Acquisto, Askari Aliyetoa Uhai Wake kwa Ajili ya Mateka 22

Tunapolisikia neno shahidi, mawazo yetu huwaendea kwanza wale waliouawa kwa chuki dhidi ya imani, kama Mashahidi wa Uganda. Leo tunapenda kumtafakari kijana ambaye, siku ya kufa kwake, hakuulizwa lolote kuhusu imani. Aliulizwa habari za mlipuko ambao hakuufanya, na jibu alilotoa liliokoa watu 22. Jina lake ni Salvo D'Acquisto.

Salvo alizaliwa Napoli, kusini mwa Italia, tarehe 15 Oktoba 1920, akiwa mzaliwa wa kwanza wa wazazi wake. Familia yake ilikuwa ya watu wa kawaida, wenye kusali na kufanya kazi. Masomo yake ya mwanzo aliyapata kwa masista Wasalesiani. Hatuna habari za miujiza ya utotoni wala za maono, bali za mtoto aliyefundishwa katekisimu, akapokea sakramenti na kuwaheshimu wazazi wake.

Mwezi Agosti 1939, akiwa na umri wa miaka 18, alijiunga na Carabinieri, kikosi cha Italia kinachofanya kazi za kijeshi na za kipolisi pia. Majuma machache baadaye Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza, na Italia ikaingia vitani mwaka 1940 upande wa Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka huo Salvo alipelekwa Libya, ambako alijeruhiwa mguuni mwaka 1941, lakini akabaki na wenzake hadi mwaka 1942.

Hapa sisi Waafrika hatuna budi kusema ukweli wote. Libya haikuwa nchi ya Waitaliano, ilikuwa koloni lao, na serikali iliyomtuma Salvo huko ndiyo iliyoivamia Ethiopia mwaka 1935. Sare aliyoivaa kijana huyu iliwatisha wengi. Kanisa linapomheshimu halizihalalishi vita hizo wala utawala ule wa kidikteta. Linamtazama mtu mmoja na tendo moja alilolifanya kwa hiari, na kuiona humo neema ya Mungu, ambayo humfikia mwanadamu hata akiwa katikati ya mambo yaliyoharibika.

Aliporudi Italia alisoma katika shule ya kikosi chake mjini Firenze, akapewa cheo cha Vicebrigadiere, ambacho ni cheo cha chini cha uongozi. Akapangiwa kituo kidogo cha Torrimpietra, mahali pa mashamba umbali wa kilometa 30 hivi kutoka Roma. Kazi yake ilikuwa kulinda watu wa vijijini, kusikiliza mashauri yao na kutunza amani.

Tarehe 8 Septemba 1943 ilitangazwa kwamba Italia imefikia makubaliano na majeshi ya Uingereza na Marekani ya kusitisha mapigano. Usiku mmoja ulitosha kuwageuza Wajerumani, waliokuwa washirika, kuwa watawala wa mabavu. Mfalme na serikali waliukimbia mji wa Roma, na askari wengi wa Italia wakabaki bila amri wala msaada. Wengi walivua sare na kurudi makwao. Salvo alibaki kituoni kwake.

Tarehe 22 Septemba, askari wa miavuli wa Ujerumani walikuwa wakipekua masanduku ya silaha zilizoachwa karibu na mnara wa kale wa Palidoro, kando ya bahari. Ukatokea mlipuko ulioua na kujeruhi baadhi yao. Yaelekea ilikuwa ajali tu, lakini wakubwa wao walishika kwamba ni hujuma ya wenyeji, na wakataka wahalifu wapatikane, la sivyo watalipiza kisasi.

Kesho yake walikamata wanaume 22 waliowakuta njiani, majumbani na kazini, wala hawakutafuta kujua nani amefanya nini. Mkuu wa kituo cha Torrimpietra hakuwapo, hivyo Wajerumani wakaja kumchukua Salvo aliyeshika nafasi yake. Aliwaeleza kwamba hakuna aliyetenda kosa, kwamba ilikuwa ajali. Hawakumsadiki. Mateka wote walipelekwa karibu na mnara, wakapewa sepetu na kuamriwa kuchimba shimo. Walielewa kwamba wanachimba kaburi lao.

Shimo lilipokuwa tayari na tumaini lote limekwisha, Salvo alizungumza na ofisa wa Kijerumani, akasema kwamba yeye peke yake ndiye mwenye kuwajibika, na akaomba wale wengine waachiwe. Mateka 22 wakafunguliwa, wakakimbia. Kijana wa miaka 17, aliyedhaniwa kuwa askari mwenzake, alibakizwa kwa muda, naye akaachiwa dakika za mwisho. Salvo akasimama mbele ya shimo, akapigwa risasi. Zilibaki wiki tatu hivi atimize miaka 23.

Wapo wanaouliza kama kijana huyu hakusema uongo, kwa kukubali kosa ambalo halikuwa lake. Swali hili ni la haki, kwa maana Kanisa halifundishi kwamba uongo hugeuka kuwa wema kwa sababu ya matunda yake. Sisi twaona kwamba jibu liko katika nafasi aliyosimama. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 44, Yuda anajitoa abaki mtumwa Misri badala ya mdogo wake Benyamini, kwa kuwa alikuwa mdhamini wake mbele ya baba yao. Salvo naye alikuwa mdhamini wa wanakijiji. Ukweli alikwisha kuusema, ukakataliwa. Wauaji walitaka mtu wa kulipa, naye akajitoa alipe.

Italia ilimtunuku medali yake ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi, na leo mwili wake umelala katika Basilika ya Santa Chiara, Napoli. Kanisa lilikwenda polepole zaidi. Mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa mwaka 1983, lakini ilikuwa vigumu kuthibitisha kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Tarehe 11 Julai 2017, Baba Mtakatifu Fransisko alitoa Barua binafsi inayofungua njia nyingine, ya sadaka ya maisha. Njia hii inawahusu waliokubali kwa hiari na kwa upendo kifo cha hakika kwa ajili ya wengine, kama Bwana anavyofundisha katika Yohane 15:13. Kwa njia hiyo, mwezi Februari 2025, Baba Mtakatifu huyo, akiwa amelazwa hospitalini Roma miezi miwili kabla ya kufariki, aliidhinisha tamko linalomtambua Salvo kuwa Mheshimiwa. Ili atangazwe Mwenyeheri, sasa unahitajika muujiza uliopatikana kwa maombezi yake.

Barua hiyo ya mwaka 2017 ina sharti moja linalotugusa sisi tulio wengi. Inadai kwamba mtu awe ameishi fadhila za Kikristo kabla ya sadaka yake, walau katika kiwango cha kawaida. Saa ile Palidoro Salvo hakuwa na muda wa kwenda kujifunza upendo. Alitumia akiba aliyowekewa na mama yake, masista na parokia yake. Wazazi na makatekista, mnapowafundisha watoto ishara ya msalaba huenda mkaona ni kazi ndogo. Hamjui ni siku gani wataihitaji.

Na kila aliyekabidhiwa watu, awe baba wa familia, mwalimu, askari, kiongozi wa jumuiya ndogondogo au padre, ajiulize cheo chake kinamlinda nani siku ya hatari. Salvo alikuwa na cheo kidogo sana, akakitumia kuwakinga wengine.

Tumwombe Mungu awajalie askari wetu moyo wa namna hiyo, awape pumziko wote waliouawa vitani bila hatia, na, ikiwa ni mapenzi yake, amtukuze mtumishi wake Salvo kati ya wenyeheri wa Kanisa. Amina.