Padre Siméon Lourdel na Matayarisho ya Watoto kwa Sakramenti

Mwalimu anayepangiwa shule katika mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria, iwe Kigongo, Bukumbi au Magu, hukuta kwamba baadhi ya wanafunzi wake wanatayarishwa kupokea Ubatizo, Komunyo ya Kwanza au Kipaimara. Katika kipindi cha dini, kazi ya mwalimu na kazi ya katekista hukutana, na wote wawili huulizana swali moja: mtoto huwa tayari lini? Je, tuhesabu miezi aliyohudhuria mafundisho, au tupime yale aliyoyaelewa? Swali hili lina umri mkubwa katika nchi za ziwa. Ili kulichunguza, tutaeleza kwa ufupi maisha ya Padre Siméon Lourdel, ambaye watu wa Buganda walimwita Mapera.

Lourdel alizaliwa mwaka 1853 huko Dury, karibu na mji wa Arras, Ufaransa. Alijiunga na shirika la Mapadre Weupe, lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers mwaka 1868, akapewa daraja la upadre mwaka 1877. Mwaka uliofuata alikuwa katika msafara wa kwanza wa shirika hilo kuelekea maziwa makuu. Walitoka Bagamoyo kwa miguu, wakapita Tabora, hata wakafika Kageye katika nchi ya Wasukuma, ukingoni mwa ziwa. Kutoka hapo, mwanzoni mwa mwaka 1879, Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakatangulia kwa Kabaka Mutesa. Wenzao waliwafuata baadaye mwaka huo huo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujifunza. Alijifunza Kiganda, akatibu wagonjwa, akazoea desturi za ikulu. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana na watoto waliomtumikia Kabaka. Machi 1880 walibatizwa watu 4 wa kwanza, baada ya mafundisho ya miezi michache tu. Lavigerie hakupendezwa na haraka ya namna hiyo. Akifuata desturi ya Kanisa la karne za mwanzo, aliagiza matayarisho ya miaka 4: miaka 2 ya waombaji, ambao walifundishwa kweli za msingi juu ya Mungu, na miaka 2 ya wakatekumeni, ambao waliingizwa hatua kwa hatua katika mafumbo na sala. Mpango huo uliwahimiza walimu kutoka katika jambo jepesi na kuendea gumu, na kutazama mwenendo wa mwanafunzi kwa muda mrefu.

Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakahamia kusini mwa ziwa. Mwaka 1883 misioni ya Bukumbi ilianzishwa, mahali ambapo si mbali na Kigongo yetu. Huko Buganda wakabaki Wakristo wachache bila padre. Hata hivyo mafundisho hayakukoma. Yosefu Mukasa, aliyebatizwa Aprili 1882, aliwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, aliyebatizwa siku moja naye, aliwafundisha watu wa nyumba yake na majirani. Lourdel aliporudi Julai 1885, kwa mwito wa Kabaka Mwanga, aliwakuta wanafunzi wengi kuliko aliowaacha.

Kisha ukaja wakati wa mtihani. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa kwa amri ya Mwanga. Wakatekumeni wa ikulu walikimbilia misioni kuomba ubatizo, na katika siku chache zaidi ya 100 walibatizwa, miongoni mwao Karoli Lwanga. Kanuni ya miaka 4 ililegezwa kwa ajili ya hatari ya kifo. Lakini haikulegezwa kwa kila mmoja. Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi, aliomba mara nyingi akaambiwa asubiri. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, hukumu ilipokaribia, Karoli Lwanga mwenyewe ndiye aliyembatiza pamoja na wenzake wachache. Tarehe 3 Juni waliteketezwa kwa moto huko Namugongo.

Mwaka 1888 wamisionari walifukuzwa Buganda. Lourdel alivuka tena ziwa pamoja na wenzake. Mashua yao iligongwa na kiboko njiani, wakafika Bukumbi kwa taabu. Alirudi Buganda mwaka 1889, na tarehe 12 Mei 1890 alifariki Rubaga, akiwa na umri wa miaka 36.

Mwalimu mwanafunzi atapata nini katika maisha haya? Kwanza, lugha ya mtoto ndiyo mlango wa somo. Mtoto anayekariri maswali na majibu ya katekisimu asiyoyaelewa bado hajafundishwa. Pili, mwanafunzi aliyeelewa humfundisha mwenzake. Darasa la Yosefu Mukasa liliendelea bila padre kwa sababu alikuwa ameandaliwa kuwa mwalimu. Tatu, muda ni chombo, haujawa kipimo peke yake. Miaka 4 iliwapa wengi mizizi, lakini Kizito alikuwa tayari kabla ya kalenda kumruhusu.

Kanisa lenyewe lilirudia jambo hili mwaka 1910, Papa Pius wa Kumi alipoagiza kwamba watoto wapokee Komunyo wafikapo umri wa kutumia akili, yaani miaka 7 hivi, mradi watambue tofauti ya mkate wa kawaida na Ekaristi. Kwa hiyo mwalimu asiridhike na daftari la mahudhurio. Amwulize mtoto aeleze kwa maneno yake mwenyewe, amtazame anavyosameheana na wenzake uwanjani, na azungumze na wazazi na katekista kabla ya kusema kwamba mtoto huyu asubiri. Kumharakisha asiyeelewa ni kosa. Kumchelewesha aliyeelewa ni kosa pia, na la pili ndilo tunalolisahau kwa urahisi zaidi.